Kumpeleka mzee na watoto Haller Park: siku ipangwe vipi?

Mama Wawili, Tudor

Assalamu alaykum, na salamu za heshima kwenu nyote. Naomba ushauri wa wale waliokwisha kutembelea bustani ya wanyama ya Haller Park, pale Bamburi, hasa waliofuatana na wazee wao.

Nina binti wa miaka tisa na kijana wa miaka mitano, na tunaishi na baba yangu mzazi ambaye sasa ana miaka 84. Mwaka jana, katika likizo ya Agosti, niliwapeleka watoto peke yao, na nakiri kwamba siku ile niliipanga vibaya. Tulitoka nyumbani tumechelewa, tukafika kwenye saa saba mchana jua likiwa utosini, twiga walikuwa wamekwisha kulishwa na kurudi zao vichakani, na kiboko tuliyemngojea kwa karibu nusu saa hakutuonyesha ila pua na masikio. Mdogo alilia kwa joto na kiu. Tulipokaa chini ya mti ili tule, tumbili aliruka na kumpokonya mkate mkononi, naye mpaka leo akisikia neno tumbili huficha mikono. Tulirudi nyumbani kabla ya saa kumi, na binti yangu aliniambia kwa adabu kwamba wanyama wa kwenye televisheni wanaonekana vizuri zaidi. Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu nilijua kosa halikuwa la wanyama.

Sasa limezuka jambo jingine. Baba yangu alipokuwa kijana alifanya kazi katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahali hapo hapo ambapo leo pana bustani. Aliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya sitini, akaacha kabla miti haijaanza kupandwa, na tangu hapo hajawahi kurudi ndani. Watoto walipomsimulia kwamba wameona msitu na mabwawa, aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba labda walipelekwa mahali pengine, kwa sababu pale anapopajua yeye hapakuwa na hata kivuli cha kumsitiri kuku. Tangu siku ile ananiuliza kila baada ya wiki mbili tatu tutakwenda lini.

Baba anatembea kwa mkongojo na goti lake la kulia humsumbua. Je, njia za ndani zinapitika kwa mtu wa hali yake? Ni saa ngapi tufike ili watoto waone wanyama wakifanya jambo, wasiwaone wamelala tu? Na kuna njia gani ya kumfanya mtoto wa miaka mitano astahimili siku nzima, wakati huo huo mzee naye apate nafasi ya kutazama kwa utulivu kile alichokuja kukitazama? Natanguliza shukrani.

Mwana wa Mtambo

Waalaykum salaam, Mama Wawili. Mimi nimezaliwa na kukulia karibu na steji ya Mtambo, na nimeingia katika bustani hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwanza kama mtoto wa shule na sasa kama baba.

Kosa lako la mwaka jana ndilo linalofanywa na wengi wetu, kwa kuwa tumezoea kwamba matembezi huanza baada ya kazi za asubuhi kwisha. Saa saba mchana ndiyo saa mbaya kuliko zote. Kiboko ni mnyama ambaye ngozi yake haivumilii jua kali. Mchana hujizamisha majini, na usiku ndipo hutoka kwenda kula majani nchi kavu. Ukimkuta saa saba amezama, hana ugonjwa wala uvivu, anajihifadhi. Mamba naye hulala ameachama kinywa bila kusogea, na wageni hudhani ni sanamu, kumbe anapunguza joto la mwili wake kwa njia hiyo. Kwa hiyo siku yenu ipangeni kwa kufuata saa za kulisha. Kwa kawaida twiga hulishwa kwenye saa tano asubuhi na tena kwenye saa tisa alasiri, na viboko na mamba hulishwa jioni baada ya hapo. Hata hivyo, ulizeni langoni mnapolipa, maana ratiba yaweza kubadilika.

Kwa familia yenye mtoto mdogo na mzee, mimi ningechagua alasiri. Mlazeni adhuhuri huyo wa miaka mitano, msali, mle chakula cha mchana nyumbani, kisha mfike kwenye saa nane na nusu. Kutoka Tudor hamna safari ndefu: mnavuka daraja la Nyali na kushika barabara kuu ya Malindi, na mkipanda matatu ya Mtwapa mtashushwa barabarani karibu na lango. Kwa ajili ya goti la mzee, lakini, afadhali mkodi tuktuk au gari litakalowafikisha mlangoni, kwa kuwa kusubiri matatu na kupanda ngazi zake kutamchosha kabla hajaanza kutembea.

Kuhusu twiga, wapo watakaokuambia kwamba kulisha ni mchezo wa watalii tu. Mimi naona ndiyo sehemu ambayo mtoto huikumbuka mpaka ukubwani. Mtoto husimama kwenye jukwaa lililoinuliwa, akawekewa tembe za lishe kiganjani, na ulimi mweusi mrefu, wenye urefu unaokaribia nusu mita, ukaja kuzichukua. Binti yangu alipoguswa na ulimi ule aliogopa, akacheka, kisha akanyosha mkono tena, na usiku ule alinieleza jinsi ulivyokwaruza kama msasa. Hilo televisheni haiwezi kulitoa.

Na mkate uacheni garini. Tumbili wa pale wamezoea watu na wanajua sauti ya mfuko wa plastiki hata kabla haujafunguliwa. Mtoto asiwe na chakula mkononi wala mfukoni, nao watampita bila hata kumtazama. Hilo pia litamponya hofu yake.

Mwalimu Mstaafu wa Kisauni

Mama Wawili, nimesoma habari za baba yako mara mbili, na naandika hasa kwa ajili yake. Mfikishie salamu zangu za shikamoo.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi wangu pale, na nililoligundua ni kwamba wageni wengi huingia wakitafuta wanyama, wakawahesabu, wakatoka, bila kujua kwamba kitu cha ajabu kuliko vyote ni ardhi wanayoikanyaga. Baba yako hatahitaji kuambiwa hilo. Yeye ndiye aliyeiona ikiwa imechunwa.

Kiwanda kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na malighafi yake kubwa ilikuwa mawe ya matumbawe, yaani mwamba ule ule wa chokaa ambao pwani yetu yote imekalia. Mwamba ulichimbwa na kuondolewa, na kilichobaki kilikuwa shimo pana la mawe meupe, lisilo na udongo, lenye maji ya chumvichumvi karibu sana na uso wa ardhi, na joto la kuunguza. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, ambaye alikuwa akifanya kazi katika kampuni hiyo, alianza kujaribu kuotesha miti mahali hapo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili zilikuwa tatu tu: mnazi, mti uitwao damas wenye asili ya Somalia, na mvinje.

Mvinje ndio uliofanya kazi kubwa, na inafaa watoto waelezwe kwa nini. Mizizi yake hukaliwa na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, ambao huchukua naitrojeni kutoka hewani na kuupatia mti, na kwa hiyo mvinje unaweza kuishi mahali ambapo mti mwingine ungekufa njaa. Hata maji ya chumvichumvi hauyaogopi, na sisi watu wa pwani tunaujua kwa kuuona umesimama ufuoni mawimbi yakiupiga. Tatizo likazuka baadaye. Majani yake, ambayo ni membamba kama sindano, yalianguka na kurundikana juu ya mawe bila kuoza, na pasipo kuoza hapana mboji, na pasipo mboji hapana udongo. Dawa yake ilikuwa jongoo. Haller alimwona jongoo mwenye miguu myekundu akiyala majani makavu ya mvinje, akaagiza jongoo wengi wakusanywe vijijini na kuachiwa katika mashamba ya mivinje. Jongoo walikula, wakatoa kinyesi, kinyesi kikawa chakula cha bakteria, na udongo mweusi ukaanza kujengeka juu ya mwamba kidogo kidogo. Baadaye ndipo mimea mingine ikaingia, kisha ndege, kisha wanyama wakubwa, na mnamo miaka ya themanini wageni wakafunguliwa njia ya kutembea. Mwaka 1987 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilimpa Haller heshima ya kuwa miongoni mwa watu wa orodha yake ya Global 500, yaani ya watu waliotumikia mazingira.

Sasa nakuomba ufanye jambo moja. Mtakapofika chini ya mivinje, mahali penye utulivu, mwambie binti yako achutame, asogeze majani makavu kwa mkono, kisha atie kidole udongoni mpaka kiguse jiwe. Hapo hapo mwombe babu yake amweleze jiwe lile lilikuwaje zamani. Nimewafundisha watoto jiografia kwa zaidi ya miaka thelathini kwa kutumia ubao na ramani, na sijawahi kuona somo lililoingia akilini kama pale mtoto anapogundua kwamba msitu mzima umesimama juu ya udongo usiopita urefu wa kidole chake, na kwamba udongo huo haukuwapo babu yake alipokuwa kijana.

Jongoo mtawaona, hasa ikiwa mvua imenyesha karibuni. Waacheni watoto wawatazame wanavyojikunja, lakini wasiwashike kisha wakafikicha macho, kwa kuwa hutoa majimaji ya rangi ya kahawia yanayowasha na kuacha doa.

Msafiri wa Likoni

Nawaheshimu waliotangulia, hasa Mwalimu, lakini naomba nitoe maoni tofauti.

Mimi nimeacha kuwapeleka wanangu mahali popote ambapo wanyama wamefungiwa. Miaka michache iliyopita tulikwenda katika kituo kimoja cha wanyama, nje kabisa ya kaunti yetu, na pale niliona mambo yaliyoninyima usingizi. Mwongozaji alikuwa akimchokoa nyoka kwa kijiti ili ainue kichwa watoto wapige kelele, na kulikuwa na fisi aliyezunguka katika kibanda chake akipita njia ile ile, hatua zile zile, mpaka sakafu imefanya mfereji. Mwanangu wa kwanza aliniuliza yule fisi amefanya kosa gani. Sikuwa na jibu.

Ikiwa mzee anaweza kukaa garini, kwa nini msiende Shimba Hills? Mnavuka feri, mnapanda mpaka Kwale, na mko ndani ya hifadhi ambayo wanyama wake hawafungiwi vibandani. Pana tembo, pana nyati, na pana palahala, swala mkubwa mweusi mwenye pembe zilizopinda kwenda nyuma kama jambia, ambaye katika Kenya nzima anapatikana porini hapo tu. Ni kweli kwamba mnaweza kuzunguka saa mbili bila kumwona hata mmoja. Lakini mtoto aliyemngojea mnyama na kumwona kwa dakika moja akiwa huru amejifunza zaidi ya yule aliyemkuta kibandani.

Mwalimu Mstaafu wa Kisauni

Msafiri, swali la mwanao kuhusu fisi ni swali zito, nami sitajaribu kulipunguza. Mahali ambapo mnyama anachokozwa ili mgeni afurahi hapastahili senti ya mtu yeyote, na ungefanya vyema kuwaeleza wahusika hivyo hivyo kabla ya kuondoka.

Hata hivyo, napenda tutenganishe mambo mawili. Wapo wanyama waliofungiwa ili waonyeshwe, na wapo waliofikishwa mahali kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuwapeleka. Sisi wa Mombasa tuna kisa chetu ambacho dunia nzima imekisikia. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi ya tsunami yalipofika pwani yetu, kiboko mtoto alionekana amekwama baharini karibu na Malindi, ametengana na wenzake wa Mto Sabaki. Kesho yake watu wa Malindi, pamoja na maafisa wa wanyamapori, walihangaika naye kwa nyavu na kamba mpaka wakamkamata, na akapewa jina la Owen, ambalo ni jina la mmoja wa waliomwokoa. Asingeweza kurudishwa mtoni, kwa kuwa viboko wasiomjua wangeweza kumuua. Akaletwa Haller Park.

Humo alimkuta kobe mkubwa wa asili ya kisiwa cha Aldabra, aitwaye Mzee, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi. Owen alimkimbilia na kujificha nyuma ya gamba lake kama mtoto anavyojificha nyuma ya kanga ya mamake. Mwanzoni Mzee alimzomea na kusogea mbali, lakini baada ya siku chache wakawa wanakula pamoja, wanaogelea pamoja na kulala wamegusana. Baadaye Owen alipokuwa mkubwa mno kwa usalama wa kobe, alitafutiwa kiboko wa kike, Cleo, na marafiki wale wakatenganishwa.

Sisemi kwamba kisa kimoja kinahalalisha kila ua wa kufungia wanyama. Nasema kwamba Mama Wawili akiwa na mzee wa miaka 84 ambaye moyo wake uko katika machimbo yale, Shimba Hills, pamoja na uzuri wake wote, haitamjibu swali lake.

Msafiri wa Likoni

Hapo Mwalimu umenishinda, nami nakubali kushindwa. Mzee apelekwe anakotaka yeye. Shimba Hills itawangoja.

Mtunza Mama, Mikindani

Naomba niongeze yale ya mkongojo, kwa sababu mimi humtembeza mama yangu kwa kiti cha magurudumu na yameniangukia mikononi mwangu.

Kwa kuwa ni sakafu ya machimbo, sehemu kubwa ya ardhi ni tambarare, na hilo ni rehema kwa mtu mwenye magoti mabovu. Hakuna vilima vya kupanda. Tatizo liko chini ya miti, ambako majani ya mvinje yametandikana laini na kuteleza, na mizizi imejitokeza hapa na pale. Magurudumu yalikwama mara mbili, na mara zote mbili wageni wengine walitusaidia kabla hatujaomba. Mzee wa mkongojo ashikwe mkono mahali hapo, na avae viatu vyenye soli inayong'ata, asivae champali.

Chukueni kigoda chepesi kinachokunjwa. Viti vya kupumzikia vipo, lakini mzee huchoka mahali anapochokea yeye, hangoji mpaka afike penye kiti. Chukueni maji mara mbili ya mnayodhani yatatosha. Ikiwa anatumia dawa za presha zinazomfanya aende haja ndogo mara kwa mara, ulizeni vyoo viko wapi mnapoingia, msingoje mpaka lazima iwabane. Tena msijaribu kuona kila kitu. Sisi mara ya kwanza tulitaka kufika kwa nyoka, kwa samaki, kwa kila mnyama, na mama alirudi nyumbani amevimba miguu. Mara ya pili tulichagua kobe na twiga tu, tukakaa, na ndiyo siku anayoisimulia. Kobe wale wakubwa hutembea taratibu karibu na watu, na ukiwakuna shingoni hunyosha shingo juu na kutulia. Mama yangu, ambaye mikono yake hutetemeka, alimkuna kobe kwa muda mrefu, na nadhani wote wawili hawakuwa na haraka.

Mama Wawili, Tudor

Narejea kwenu baada ya majuma matatu, kwa sababu mlinipa muda wenu na ni haki yenu kujua ilikuwaje.

Tulikwenda siku ya Jumatano, ili kuepuka msongamano wa wikendi. Tulifanya kama alivyoshauri Mwana wa Mtambo: mdogo alilala, tukala nyumbani, tukakodi tuktuk, na kabla ya saa tisa tulikuwa langoni. Mkate uliachwa nyumbani kabisa. Kijana wangu aliingia ameficha mikono kwapani, lakini baada ya tumbili watatu kupita mbele yake bila kumjali aliitoa mwenyewe, akaanza kuwahesabu. Jukwaani kwa twiga hakukubali kulisha. Alimshika dada yake nguo kwa nyuma na kutazama. Binti yangu ndiye aliyelisha, na nilifurahi kumwona amesahau kwamba ni mtoto mkubwa.

Baba hakusema neno tangu tulipoingia. Alikuwa akitembea pole pole, akisimama na kutazama juu kwenye vilele vya mivinje, kisha chini, kisha ng'ambo, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba aliyohama. Nilidhani amechoka. Nilimkunjulia kigoda, naye akakataa kukaa. Tulipofika mahali ambapo ukingo wa machimbo ya zamani unaonekana, ukuta wa mwamba uliokatwa wima na sasa umefunikwa na mizizi na mimea inayotambaa, alisimama, akausogelea, akaweka kiganja chake juu ya jiwe. Akaniambia, "Hapa ndipo." Hapo ndipo alipokubali kukaa.

Binti yangu, bila mimi kumkumbusha, alichutama na kutia kidole udongoni kama alivyoelekeza Mwalimu. Kidole kilizama kidogo kupita kiungo cha pili, kikagota. Alikitoa, akasafisha, akamwonyesha babu yake chembe nyeupe zilizobaki chini ya ukucha. Baba akaishika ile chembe, akaisaga kwa vidole, akaanza kuzungumza. Aliwaeleza jinsi vumbi la jiwe lile lilivyokaa juu ya nyusi zao mpaka vijana wakaonekana wazee, jinsi mwanga wa jua ulivyorudi juu kutoka kwenye mawe na kuchoma macho kutoka chini, na jinsi walivyofunga vitambaa vilivyoloweshwa maji vichwani, vikakauka kabla mtu hajamaliza kuvifunga. Alitaja majina ya wenzake watano au sita, nikatambua kwamba wengi wao nimewahi kusikia wakiombewa dua nyumbani kwetu. Kijana wangu wa miaka mitano, ambaye mimi niliogopa hatastahimili, alikaa magotini kwake muda wote ule, na swali lake lilikuwa moja: jongoo walikuwa wapi wakati huo? Baba alifikiri, akamjibu kwamba walikuwa vijijini wakingoja kuitwa.

Viboko tuliwakuta wakati wa kulishwa, na safari hii mmoja alitoka majini mzima mzima, akaachama kinywa, na watu wote wakanyamaza. Kobe tuliwakuna. Nyoka na samaki hatukuwafikia, wala sijutii. Goti la baba lilivimba kidogo usiku nikalikanda kwa maji ya moto, na asubuhi aliamka salama.

Anachotaka sasa ni kurudi tena pamoja na mwenzake mmoja aliyebaki, ambaye anakaa Mtwapa na haoni vizuri. Mtunza Mama, naomba unieleze ikiwa kile kiti cha magurudumu ulikuja nacho mwenyewe au uliazimwa mahali, maana huyo mwenzake itabidi asukumwe. Na Msafiri, binti yangu amekwisha kuniuliza palahala ni mnyama gani, kwa hiyo likizo ya Desemba ikifika nitakusumbua kuhusu hali ya barabara za ndani ya hifadhi baada ya mvua za vuli.